Kitenge Kilichotukanwa

Jina la nchi hii silitaji. Si kwamba naogopa. Jina lenyewe limepelekwa wizarani kufanyiwa ukarabati, na mpaka lirudi tumeagizwa tuseme "hapa kwetu", na inatosha. Hapa kwetu basi, watu wa nje wasitudhanie vibaya, tuna sheria bora kabisa ya kulinda hisia za binadamu. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu, hasa wale wanaosafiri na kurudi na maswali, wanaodai kwamba serikali yetu haijui kuwa maneno yanaumiza. Inajua sana. Sheria yenyewe ni kali, imeandikwa kwa Kiswahili safi, na inamlinda binadamu mmoja.

Binadamu huyo ni Mtukufu Mlezi Mkuu, rais wetu. Chini ya Sheria ya Moyo, yeyote atakayemhuzunisha Mlezi, kumkosesha usingizi au kumfanya ajione mdogo anakwenda jela, na ushahidi hautakiwi, maana moyo wa Mlezi ukisema umeumia, umeumia. Mzee mmoja wa mkoani alipiga miayo katikati ya hotuba, akafungwa. Mwalimu mmoja alifungwa kwa kuguna. Yupo pia mkulima aliyempa beberu wake jina la ukoo wa Mlezi, ikaamuliwa beberu abadilishwe jina na mkulima abadilishwe makazi. Katika kesi zote hizo hakuna aliyeuliza jeraha liko wapi. Huo ndio utu.

Sisi wengine tunayo sheria ya njiti. Kila kituo cha polisi kina njiti moja ya kiberiti, imefungwa uzi, inaning'inia msumarini karibu na kaunta. Ukienda kulalamika kwamba umeumizwa nyumbani, askari anaishusha njiti na kuilaza juu ya jeraha lako. Jeraha likiizidi njiti, una kesi. Likiwa fupi, una hasira tu, na dawa ya hasira ni maji ya kunywa. Ni utaratibu wa haki kabisa, kwa sababu njiti haina ndugu wala haipokei chochote.

*

Sasa, alikuwepo fundi cherehani mmoja jina lake Mwajabu. Mumewe aliitwa Hamduni, na hapa lazima nieleze taratibu, kwa sababu Hamduni alipendwa na nchi nzima. Kila asubuhi redio ya taifa ilirusha kipindi chake, Kauli Njema, ambamo aliwafundisha wananchi kusemezana vizuri majumbani. Alikuwa na sauti laini kama uji wa mchele uliotiwa tui. Wanawake waliompelekea nguo Mwajabu walimwambia ana bahati, maana wao waume zao walikuwa wakibweka.

Hamduni hakubweka. Hakuwahi kuinua sauti wala mkono. Alirudi nyumbani na sauti ileile ya redioni, akavua viatu, akasema, "Mwajabu, mke wangu, hebu jitazame. Nani angekuchukua kama si huruma zangu?" Mwajabu akitaka kuketi, aliulizwa kwa upole nani kamwambia akae, kwani viti vya sebuleni ni vya watu wenye la kufikiri. Akilia, aliambiwa ni utani tu, tatizo lake hana kifua. Zilikuwepo na wiki ambazo Hamduni hakumsemesha kabisa, bali alizungumza na paka. Alimwambia paka amwambie huyo chumvi imezidi, na paka, ambaye alikuwa na busara kuliko wengi wetu, alitoka nje.

Mwajabu wa zamani alikuwa akicheka mpaka uzi unakatika kwenye mashine. Mwajabu wa sasa alikuwa akijigonga kwenye meza anaiomba meza radhi. Alibisha hodi kabla ya kuingia jikoni kwake mwenyewe. Majirani walisema amekuwa mstaarabu sana tangu aolewe na mtu wa redio.

Angeendelea hivyo mpaka kaburini, na huko nako angebisha hodi, kama si binti yao Riziki, aliyekuwa darasa la kwanza. Alasiri moja Mwajabu alimsikia mtoto akiongea na mwanasesere wake nyuma ya kabati. Aliongea polepole, kwa sauti laini, sauti ya uji wa mchele. "Hebu jitazame," alimwambia mwanasesere. "Nani kakwambia ukae?" Kisha akamsimamisha ukutani, akamwacha pale, akaenda kucheza. Mwajabu alisimamisha mashine. Ya kwake angeyabeba, lakini haya ya mtoto yalimshinda, na siku hiyohiyo akaamua kuondoka naye.

Ila hapa kwetu mke akiondoka bila jeraha la njiti anahesabika ametoroka, na mtoro haondoki na mtoto. Kwa hiyo Mwajabu akaenda kutafuta jeraha lake.

*

Kituoni alimkuta Sajini Mbonde, mtu mwema, mnene kidogo, anayependa kazi iende kwa mpangilio. Sajini alimsikiliza mpaka mwisho, akashusha njiti, akaipangusa kwa leso, akauliza jeraha liko wapi. Mwajabu akaweka mkono kifuani. Sajini kwa adabu akageuza uso na kumpa njiti ajipime mwenyewe.

"Haliko juu, afande," alisema Mwajabu. "Liko ndani."

"Ndani njiti haifiki, mama."

Alisikitika kweli, na akajaribu kusaidia. Alimshauri amwombe mumewe ampige kidogo, hata kofi la kiofisi tu, lisilo na chuki, halafu arudi kesho yake mapema kabla uvimbe haujashuka. Mwajabu, kwa jinsi alivyokuwa amekata tamaa, alikwenda kumwomba. Hamduni alihuzunika. Alimweleza kwamba mkono wake ni wa kushikia maikrofoni, na kwamba kumpiga mtu kunahitaji kwanza huyo mtu awe kitu.

Shangazi yake alimwambia ndoa ni kuvumiliana, na maneno matupu hayavunji mfupa. Basi akaenda juu zaidi, kwenye Wizara ya Amani ya Majumbani, siku ambayo Waziri Kipengele huwasikiliza wananchi. Namna anavyowasikiliza ni kwamba yeye anahutubia na wao wananyamaza. Siku hiyo aliulizwa, kwa kuwa Mwajabu alithubutu kunyoosha kidole, kama serikali ina mpango wowote na watu wanaoumizwa kwa maneno.

"Hisia za mwananchi," alisema Waziri Kipengele, "ni kama madini yaliyo chini ya ardhi. Yapo, hatukatai. Lakini mpaka serikali iyachimbe, iyapime na kuyatangaza, huwezi kusimama mbele ya watu ukasema ni yako."

Ukumbi ulipiga makofi. Mwajabu naye alipiga, kwa sababu kutopiga kungeweza kumuumiza Mlezi.

*

Ikafika Sikukuu ya Mlezi. Hapa kwetu siku hiyo kila mwanamke hugawiwa kitenge chenye sura ya Mtukufu, ashone, akavae uwanjani na kucheza mbele ya jukwaa. Sura hiyo ni kubwa kama sinia na ipo kila mahali kwenye kitambaa, jambo linalowatoa mafundi jasho, maana ni marufuku Mlezi aangukie sehemu ya kukalia. Mwajabu alishona vitenge vya mtaa mzima bila ajali. Cha kwake alikikata vizuri, sura ikakaa kifuani, inatabasamu. Kikabaki kipande chenye jicho moja na sikio moja, akamshonea Riziki gauni la mwanasesere.

Alicheza juani mpaka jioni, akarudi nyumbani amechoka, hajabadilisha nguo. Hamduni alikuwa kitini pake. Mlangoni, bila yeye kujua, alikuwa amesimama balozi wa mtaa, Bwana Chambuso, aliyepita kukusanya bendera za karatasi ili zitumike tena mwakani. Hamduni alimtazama mkewe kifuani, pale kitambaa kilipong'aa, akasema kwa upole wake wote:

"Hebu jitazame. Sura kama ndala iliyookotwa jaani."

Bwana Chambuso alifuata macho ya Hamduni yalikoelekea. Akaona yalikotua. Bendera zikamwanguka.

"Umemwambia nani hivyo?"

"Namwambia mke wangu," alisema Hamduni.

"Mkeo yuko juu huko, kwenye shingo. Wewe ulikuwa unatazama hapa."

Kabla chai haijachemka Hamduni alikuwa rumande. Mwajabu naye alichukuliwa, si kama mtuhumiwa wala mlalamikaji, bali kama kitu cha kuning'inizia kielelezo.

*

Mahakamani mlalamikaji alikuwa kitenge. Hakimu, mtu makini sana, aliagiza kitenge kipewe kiti, na kwa kuwa kitenge hakingeweza kuketi bila mtu ndani yake, Mwajabu akaamriwa akae. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amwambie akae, na aliketi kwenye ukingo kabisa, kwa wasiwasi, akingoja kusimamishwa.

Mwendesha mashtaka alikuwa kijana anayetaka kupanda cheo. Alimwuliza Mwajabu kama mtuhumiwa aliwahi kutamka maneno ya namna hiyo siku nyingine, mahali ambapo sura ya Mlezi ilikuwepo. Mwajabu alifikiri. Hapa kwetu kila sebule, kwa sheria, ina picha ya Mlezi ukutani.

"Yote kayasema sebuleni," alijibu. "Chini ya picha."

Mwendesha mashtaka karibu acheze. Akamtaka aseme yote. Basi Mwajabu akasema. Alianza na la ndala akarudi nyuma, la kiti, la paka, la siku mama yake alipofariki na Hamduni akamwuliza kama hata kulia hawezi kulia vizuri, yote mpaka lile la usiku wa harusi. Alisema mpaka jua likahama dirisha. Hakimu alivua miwani. Wanawake waliokuwa nyuma kila mmoja alikuwa akitazama magoti yake, na mwishowe mmoja akashindwa kujizuia akasema, "Maskini." Karani akamwuliza maskini nani, akajibu haraka, maskini Mlezi.

Wakili wa Hamduni akasimama kwa ushupavu. Aliomba kitenge kipimwe kwa njiti, kikapimwa, hakikuwa na hata uzi uliochomoka. Akasema wahenga walishanena kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, na hata Waziri husema hivyo. Mwendesha mashtaka akauliza kwa sauti ya chini kama mwenzake anamaanisha kwamba maneno hayawezi kumuumiza Mlezi. Wakili akaketi. Nasikia siku hizi anafuga kuku, na anasema wana amani.

Ikabaki hatua moja. Sheria ya Moyo inataka maneno yasikizwe na moyo uliotukanwa, na yatamkwe na mdomo uleule uliotukana, kwa sauti ileile, ili moyo uthibitishe. Hakimu akaamuru Hamduni apelekwe Ikulu kila asubuhi.

*

Asubuhi ya kwanza Mlezi alicheka. Alikuwa barazani anakunywa chai, akaletewa Hamduni na pingu zake, akaambiwa, "Mtukufu, hebu jitazame. Nani angekuchukua kama si huruma za watu?" Mlezi akapiga paja, akasema huyu bwana ana kipaji, arudi kesho. Akarudi kesho, na kesho yake, na sauti haikupanda wala kushuka.

Baada ya siku chache Mlezi alimwuliza mpishi kama anakula sana. Mpishi alikana kwa kiapo. Siku iliyofuata Mlezi aliomba vioo vya ukumbini vifunikwe. Kisha ukaja mkutano wa Baraza la Mawaziri ambapo alikataa kuketi. Aliombwa, akabembelezwa, akasema hana hakika kama ana la kufikiri. Na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kukaa wakati Mlezi amesimama, baraza zima lilijadili bajeti kwa kusimama, na Waziri Kipengele, mwenye magoti mabovu, aliunga mkono kila hoja ili watoke.

Walinzi walimsikia akiomba radhi mlango. Alipohutubia taifa, alisema "Samahani," akanyamaza, akashuka jukwaani. Wananchi waliipenda sana hotuba hiyo na wengi waliomba irudiwe.

Daktari wa Ikulu alimkagua kwa njiti kutoka utosini hadi kwenye nyayo. Hakuna kitu. Sasa fikiria taabu ya Waziri Kipengele. Akisema Mlezi haumwi, amempinga Mlezi. Akisema anaumwa, basi maneno yanaumiza, na yeye ndiye aliyesema hadharani kwamba hayaumizi mpaka yachimbwe. Alijifungia ofisini na wataalamu, wakatoka na tamko lililosema kwamba Mtukufu anasumbuliwa na madini.

Mlezi hakulisoma. Alikuwa ameagiza aletewe yule mwanamke wa kitenge.

*

Mwajabu aliingia barazani akibisha hodi, na Mlezi akamkaribisha akiomba samahani, kwa hiyo ilichukua muda kabla hawajaanza. Kwenye kitenge Mlezi alikuwa akitabasamu. Yule wa kweli alikuwa amesimama karibu na kiti chake, ameshika mgongo wa kiti, hajakaa.

"Umeishi na huyu mtu tangu lini?" aliuliza.

"Tangu anioe, Mtukufu."

"Kila siku?"

"Jumapili anapumzika redioni. Nyumbani hapumziki."

Mlezi alitazama bustani. Alisema kwamba yeye ana jeshi, ana ndege, ana mlima ulioitwa kwa jina lake, na anajua kwa hakika kwamba yeye si ndala. Lakini akiamka asubuhi, kabla hajafumbua macho, anahisi yeye ni ndala. Mwajabu akamwambia ndivyo inavyokuwa. Mwanzoni unasikia sauti yake, halafu unaisikia hata asipokuwepo, halafu siku moja unagundua sauti imekuwa ya kwako.

"Mbona hukusema mapema?"

"Nilisema, Mtukufu. Nikapimwa kwa njiti."

Mlinzi aliyekuwa mlangoni aliinamisha kichwa akajifanya anakagua buti.

"Inapona?" Mlezi aliuliza hatimaye.

"Sijui," alisema Mwajabu. "Mimi sijawahi kuondoka."

Hapo Mlezi Mkuu alilia. Alilia bila heshima yoyote, kama mtoto aliyeachwa sokoni, na Mwajabu, ambaye hakufundishwa itifaki, alimsogezea kiti. Kisha Mlezi akapangusa uso, akamwita Waziri Kipengele, akasema anataka sheria. Walindwe wote wanaosemwa hivi majumbani mwao, awe nani, amevaa nini, na wasiulizwe njiti. Hayo ndiyo maneno yake na mimi nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu huo ndio mwisho wa kuonekana yakiwa mazima.

*

Maana sheria huandikwa na Waziri. Kipengele alikaa akatafakari. Kuwalinda wote kungemaanisha wote wana mioyo, na hilo halikuwa na fungu kwenye bajeti. Lakini kwa kuwa yule mwanamke alikuwa amevaa kitenge, na kesi ilikuwa ya kitenge, alionelea kwamba Mlezi, kwa hekima yake ya kina, alikuwa anaongelea vitenge. Bunge likapitisha kwa shangwe Sheria ya Kulinda Vitenge, na wabunge wakakumbatiana, baadhi wakisema sasa tumewapita hata wazungu.

Hukumu ilitolewa chini ya sheria hiyo mpya. Hamduni alinyang'anywa kipindi na kukatazwa kufika mahali ambapo kitenge kingeweza kuisikia sauti yake. Mwajabu, kama mbeba sura, aliruhusiwa kuishi popote kitenge kitakapoishi. Ndipo Hamduni, kwa upole, akamwomba hakimu amkumbushe mkewe kwamba yeye mwenyewe hana jeraha, kitenge ndicho kilichoumia, na kwa hiyo mtoto anabaki na baba.

Hakimu aliagiza mtoto aletwe. Riziki akaja amemkumbatia mwanasesere kwa nguvu, na hakimu akainama juu ya meza yake kwa muda mrefu.

"Huyo aliyeko kwenye gauni ni Mlezi?" aliuliza.

"Ni jicho lake, mheshimiwa," alisema Mwajabu. "Na sikio."

Hakimu alifikiri, akaamua kwamba sikio ndicho kiungo kinachohusika zaidi na matusi, na kwamba mwanasesere naye ni mbeba sura asiyeweza kuachwa kwa mtuhumiwa. Mwanasesere akaombwa aende na mama. Riziki alikataa kumwachia. Mahakama ikaandika kwamba jitihada za kuwatenganisha hazikufanikiwa, na wote watatu wakaondoka kwenda kupanga chumba kimoja nyuma ya soko.

*

Ningependa kumalizia hapo, na Wizara imenishauri nimalizie hapo. Lakini kitenge hufuliwa.

Asubuhi moja Mwajabu alifua kitenge akakianika, na gauni la mwanasesere pembeni yake. Hamduni, ambaye sasa alikuwa na muda mwingi, alikuwa akiingoja siku hiyo. Alipita upande wa pili wa nyumba, mbali na kamba, akasimama karibu na jiko.

"Mwajabu, mke wangu," alisema. "Hebu jitazame. Hata nguo imekukimbia."

Riziki alitimua mbio mpaka kwenye kamba, akajifunika kitenge kikiwa bado kinachuruzika maji, akabaki humo ndani akitetemeka. Mwajabu alimtazama mtoto wake amejificha nyuma ya tabasamu la mtu mwingine, na hasira ikampanda, hasira ya kweli, ile ambayo maji ya kunywa hayaitoi. Alimshika mkono akaenda naye kituoni.

Sajini Mbonde aliuliza kitenge kilikuwa wapi wakati wa tukio.

"Kwenye kamba."

"Basi, mama," alisema Sajini kwa masikitiko, "aliyekuwa na ulinzi ni kamba."

Hata hivyo alikuwa mtu wa mpangilio, akachukua kitabu cha sheria mpya ili amwonyeshe. Sheria ilisema ni kosa kumtukana mtu aliyevaa kitenge chenye sura iliyochapishwa. Mwajabu aliuliza, sura ya nani. Sajini alitafuta, akageuza ukurasa, akarudi nyuma. Haikusema. Waziri Kipengele aliogopa kuliandika jina la Mlezi karibu na neno tusi, isije ikaonekana yeye ndiye aliyeyakutanisha.

Mwajabu alimshukuru. Alikwenda kiwanda cha vitambaa na picha yake ya kitambulisho, ile ambayo amekodoa macho kama aliyeshtukizwa na mwizi, akawaomba wamchapishe. Walimwuliza chini yake waandike nini, kwa kuwa vya Mlezi huandikwa MLEZI NI WETU. Alifikiri kidogo, akasema andikeni NI MIMI.

Wiki iliyofuata alikwenda sokoni amejivaa. Mwuza nyanya akamwuliza, akaelezwa, na yeye akaenda kiwandani. Akaenda muuguzi, akaenda mke wa Bwana Chambuso, na mke wa mwendesha mashtaka, na shangazi yake Mwajabu, ambaye hakusema kitu kuhusu mifupa. Walikwenda na wanaume, wachache, kwa aibu, wakishonewa mashati. Ukipita mtaani ulikuwa unakutana na kila mtu mara mbili.

Hamduni alikuja tena. Mwajabu alikuwa kibarazani anashona, Riziki yuko miguuni pake. Hamduni alikwepa kamba kwa uangalifu, akasimama, akasema, "Hebu jitazame." Mwajabu akajitazama. Akainamisha kichwa akaona kifuani pake mwanamke aliyekodoa macho, akamwona ni mtu wa kawaida tu, hafanani hata kidogo na ndala. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka uzi ukakatika, na majirani wakatoka, na mmoja akakimbia kumwita Sajini.

Sajini Mbonde alifika na kitabu na njiti, kwa tahadhari. Alipaswa kuthibitisha kwamba sura iliyotukanwa ndiyo iliyochapishwa. Alitazama kitenge. Alitazama uso wa Mwajabu. Alirudi kwenye kitenge. Alifanya hivyo mara nyingi mpaka jasho likamtoka, kisha akavua kofia.

"Ni huyohuyo," alisema. "Sasa kama ni huyohuyo, kwa nini wa kwenye nguo ana sheria na wa juu hana?"

Alimfunga Hamduni pingu, akaenda naye, na njiani alionekana akiichomoa njiti mfukoni. Kwa kuwa hakuona tena kazi yake, aliwashia sigara.

Sajini Mbonde amehamishiwa mpakani, mahali ambapo hakuna watu wa kuulizwa maswali. Waziri Kipengele ametangaza kwamba swali lake halikuulizwa. Mlezi Mkuu ameanza kuketi, kwa dakika chache, kwenye kiti kidogo. Lakini swali liliachwa pale kibarazani, na watu wanapita kulisikia, na wengi siku hizi wanaanza kusahau kuvaa vitenge na bado wanawaita askari.

Siku ile ya pingu, watu walipoondoka, Mwajabu aliurudisha uzi kwenye sindano, akaendelea kushona. Nyuma yake Riziki alikuwa akiongea na mwanasesere, aliyekuwa uchi kwa sababu gauni lilikuwa bado kwenye kamba. Mwajabu aliacha kukanyaga mashine, akasikiliza. Haikuwa sauti ya uji wa mchele. Ilikuwa sauti ya mtoto wa darasa la kwanza, kavu kidogo, yenye mafua.

"Kaa," ilisema. "Kiti chako hicho."